Mbuzi wa Mgeni wa Dhahabu

Kwa maneno ya Njura, hoteli ya baharini ilimwoza Igoki kwa mkwe wake.

Hivyo ndivyo alivyosema, wazi wazi, amesimama katikati ya magunia yake ya ndengu pale sokoni Gakoromone, Meru, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukichota ndengu na kuzimwaga, ukichota na kuzimwaga. Alisema walipofika huko Pwani, mkwe na mama mkwe walivishwa bangili za dhahabu mlangoni, watu wakipiga makofi. Wakapewa nyumba moja. Wakalazwa kwenye chumba kimoja wakapakwa mafuta, muziki ukilia pole pole. Igoki alipoona ni mambo gani hayo akazimia, akamwagiwa maji ya dafu usoni ndipo akaamka. Na kama kuna mtu anabisha, Njura akasema, aende Gachoka akaone simu ya Igoki, maana hoteli yenyewe imeandika: Mpendwa Bibi Mwiti, tunawangoja tena wewe na mume wako.

"Ni mimi jirani yake nilimsomea, na macho yangu haya," Njura akasema. "Ilikuwa kwa Kizungu, nikamgeuzia. Akaninyang'anya simu. Tangu siku hiyo tukikutana njiani anaangalia miti."

Wanawake wa nyanya na wa karoti walicheka mpaka wakashikana mabega. Wawira naye akacheka, lakini kwa mdomo tu. Igoki ni mama yake. Na huyo mkwe, Mwiti, ni mume wake.

"Na wewe unacheka!" Njura akamgeukia. "Mke mwenzako ni mama yako mzazi, na unacheka."

"Sasa nilie? Nikilia utaniongezea ndengu?"

"Ndengu siongezi. Kilio naweza kukusaidia."

Wakacheka tena. Wawira akafunga mfuko wake, akauweka kando ya ndizi alizokuwa akiuza, akangoja. Alikuwa mtu wa kungoja. Alijua Njura huwa na maneno mawili, la watu wote na lingine la chini, na la chini ndilo la kweli. Wale wengine waliporudi kwa wateja wao, Njura akainama kama anayefunga kamba ya gunia.

"Mimi natania, mwana wa Igoki. Lakini mama yako hayuko sawa. Bibi ya Njagi, mjomba wako, amezaa. Mama yako alienda, akafika kwa mlango, akaweka unga chini, akarudi. Hakuingia. Hakumshika mtoto. Igoki, ambaye ameosha watoto wa kijiji kizima! Mimi nilisema, huyu ameona kitu."

Hapo ndipo Wawira alipoacha kucheka hata kwa mdomo. Ile ya bangili na ya mafuta ilikuwa maneno ya soko. Hii ya mtoto haikuwa ya soko.

Alikuwa na mimba, amebakisha siku chache ajifungue. Alipomzaa Kanana, binti yake wa kwanza, damu ilikataa kusimama. Manesi walikimbia huku na huku, na katika mbio zote hizo kitu alichokumbuka ni mikono ya mama yake, mmoja chini ya shingo yake na mwingine juu ya tumbo, na sauti ikimwambia kwa Kimbeere asilale, asilale. Mara hii Igoki alikuwa ameahidi kuja mapema, akae kwao Meru mpaka mtoto akaze shingo. Lakini tangu warudi kutoka baharini simu yake ilikuwa inalia mpaka inakatika yenyewe. Wawira alijiambia ni mtandao. Halafu akajiambia ni palizi. Halafu akaacha kujiambia, akawa anapiga tu na kungoja.

*

Mwiti alikuwa akiuza mbegu na dawa za mimea kwa kampuni moja ya pale Meru mjini, na kampuni hiyo ilipenda kufanyia mikutano yake baharini, katika hoteli ile ile. Kila mtu akilala pale aliandikiwa pointi. Wenzake walizisahau. Mwiti alizikusanya kama kuku anavyookota. Alijitolea kwa kila mkutano, hata ule wa wahasibu, ambao hakuelewa neno moja. Mwisho wake akaletewa kadi ya rangi ya dhahabu yenye jina lake, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyepumzika.

"Mgeni wa dhahabu hapangi foleni," alikuwa akisema. "Akifika anapewa kitaulo baridi cha kufuta uso. Hata hasemi anakunywa nini, wanajua: chai ya tangawizi."

Alisema hayo nyumbani, akayasema kazini, na mara moja aliyasema mazishini. Kanisani vijana walimpa jina la Goldi, naye aliitika.

Kwa hiyo pointi zilipofika za kulala bure na jamaa yake, Wawira alidhani atawachukua marafiki. Yeye akasema, "Nataka mama yako aone bahari." Wawira alimpenda sana siku hiyo. Wako wakwe wanaomkumbuka mama mkwe kwa blanketi Krismasi ikifika. Huyu wake alimkumbuka kwa bahari.

Wala hakusahau adabu. Kwa Wambeere na kwa Wameru, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kama watu wanaobeba sufuria ya moto. Wanasalimiana macho yakiwa chini. Hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja. Na mambo ya mwili, ya kuvua na kuvaa, hayo hata katika utani hayatajwi. Mwiti alipiga simu hotelini mbele ya Wawira. "Vyumba viwili, na viwe mbali. Jengo tofauti kabisa. Ni mama mkwe wangu, mmesikia? Mama mkwe."

Wakasikia. Lakini walipofika, msichana wa mapokezi, mwenye ua nyuma ya sikio, alinyanyua mikono kama aliyempata ndugu yake.

"Bwana Mwiti! Karibu tena nyumbani! Kwa vile wewe ni mgeni wetu wa dhahabu tuna zawadi yako. Vile vyumba viwili tumeviondoa. Tumewapa nyumba nzima ya familia, na bwawa lake!"

Wawira alikuwa akimwangalia mumewe. Aliona anafungua mdomo akatae. Nyuma yao kulikuwa na wageni wengine kwenye foleni wakiwatazama. Mfanyakazi mmoja alikuwa ameshaleta madafu, mwingine anawafunga mikononi ukanda wa plastiki wa rangi ya dhahabu, na mwingine anapiga makofi. Mdomo wa Mwiti ukafungika, ukatabasamu. Na Wawira, aliyeona yote, hakusema neno. Aliona aibu kuwa yeye ndiye wa kukataa zawadi mbele ya watu.

"Chumba changu kiko upande gani?" Igoki akauliza kwa Kimbeere.

"Ni humu humu, Mama."

Nyumba ilikuwa na sebule moja, bafu moja, na milango ya vioo. Igoki alilala nje, barazani, kwenye kiti kirefu cha kuota jua, amevaa koti lake na kilemba. Asubuhi mwenye kufagia alimwuliza kama kitanda kilikuwa na shida. "Kitanda ni kizuri," Igoki akasema. "Wacha kipumzike."

Bahari aliiona. Alisimama na viatu mkononi, maji yakimfikia vifundoni, akatazama kwa muda mrefu. "Na yote hii ni chumvi?" akauliza. "Sasa ng'ombe za huku zinakunywa nini?" Mwiti, aliyekuwa amesimama mbali kwa heshima, alicheka mpaka akafuta macho.

Siku ya pili kulikuwa na kadi mezani: mgeni wa dhahabu na bibi yake watakandwa mwili, bure. Mwiti akatangulia. "Wewe watakuja kukuita," akamwambia Wawira. Lakini walipokuja, Wawira alikuwa amelala, mimba imemchafua roho, hata harufu ya sabuni hakuitaka. Mama yake alikuwa barazani na ile miguu yake iliyovimba kwa safari.

"Bibi Mwiti?" aliita yule msichana wa kukanda, na karatasi yake mkononi.

"Mama, nenda wewe," Wawira akasema kutoka kitandani. "Wanakanda miguu. Ni bure, ni ya wageni wa dhahabu."

Alidhani ni kama kwingine kote, wanaume na upande wao, wanawake na wao. Alimsikia msichana akimwuliza Igoki namba ya simu, na Igoki akiitaja polepole bila kukosea, kwa maringo, kwa sababu alikuwa ameikariri. Wakaenda.

Igoki hakukaa huko hata muda wa chai kupoa. Alirudi anatembea mbio, amevaa kanzu nyeupe ya hoteli, nguo zake chini ya kwapa, akaketi barazani akiipa nyumba mgongo. "Nataka kwenda kwangu," akasema. Wawira alidhani ni jua, au yale mafuta. Mwiti alirudi jioni. Asubuhi wakaondoka, na kutoka baharini mpaka Embu hakuna aliyemwambia mwenzake hata neno la hali ya hewa.

*

Jumapili, baada ya kanisa, Mwiti alikuwa nyuma ya nyumba akirekebisha pampu ya kunyunyizia dawa. Wawira akaja na ungo wa njahi, yale maharagwe meusi, akaketi juu ya jiwe, akaanza kuchagua.

"Baba Kanana. Kule kwa kukandwa, mama alikupata wapi?"

Mikono ya Mwiti ikasimama juu ya pampu.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu. Ni wewe unaniambia."

Akafungua skrubu, akaifunga tena mahali pale pale. "Kwani Njura amesema nini?"

"Wacha Njura. Njura hakuwa huko."

Wawira akaendelea kutoa mawe kwenye njahi. Hakumharakisha.

"Nilikuwa nimelala kifudifudi," Mwiti akasema hatimaye. "Na taulo. Lakini ile wanaita taulo huko, Mama Kanana, ni kitambaa cha kupanguza miwani. Vitanda ni viwili, karibu karibu hivi. Nikasikia mlango. Msichana akasema, karibu Bibi, mume wako ameshaanza. Mimi nikajua ni wewe."

"Ukasema nini?"

"Nani, mimi?"

"Ulisema kitu. Nakujua."

Alijifuta jasho ambalo halikuwepo. "Nilisema, kuja mrembo, kitanda chako ni hiki. Nikakipiga na mkono. Hivi." Akaipiga pampu mara mbili. "Halafu nikainua kichwa."

Wawira alitaka kucheka. Badala yake akaweka ungo chini. Ni yeye aliyesema, Mama, nenda wewe.

"Lakini nimewaandikia!" Mwiti akasema haraka. "Nimewalaumu vibaya sana. Wamejibu, wameomba msamaha. Wametupatia siku zingine za bure."

"Wametupatia, akina nani?"

"Mimi na… Ni kompyuta. Kwa kompyuta yao mama ameandikwa yeye ni Bibi Mwiti. Nimewaambia wamtoe."

"Wakamtoa?"

"Wanasema aliyeandikishwa ndiye anafaa kupiga simu mwenyewe."

Wawira alimtazama. "Mama yangu apigie hoteli simu, awaambie yeye si bibi yako."

"Ni dakika mbili tu. Hata ni namba ya bure."

Ng'ambo ya ua redio ya jirani ilikuwa ikiimba pambio.

"Jambo hili lina njia yake, Baba Kanana, na haipiti kwa simu ya hoteli. Ni mbuzi wa kuosha kosa."

"Najua ni mbuzi."

"Basi."

"Basi nini? Mbuzi hapelekwi na bodaboda. Anapelekwa na wazee, na wazee wanauliza ni wa nini. Nimwambie mzee wangu nini?" Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Wewe unamjua baba, mzee Naftaly. Ni mzee wa kanisa. Kila wiki anasimama anasema tumetoka gizani, mambo ya kuchinja tumeacha. Leo nimwambie twende Gachoka na mbuzi kwa sababu mama mkwe amenipata uchi nikimwita mrembo? Kanisa lote linaniita Goldi. Wakisikia hii wataniita nani?"

"Hakumshika mtoto wa Njagi," Wawira akasema. "Aliacha unga mlangoni akarudi."

Mwiti akaliangalia tumbo la mkewe, kisha akaangalia pampu.

"Hospitalini kuna manesi," akasema.

Wawira alichukua ungo wake akaingia ndani.

*

Kesho yake alimwacha Kanana kwa jirani, akasema anaenda kununua ndengu zilikotoka, akashuka mpaka Gachoka, kwa mama yake. Alifika saa ya joto, wakati hata kuku wamejificha. Miguu yake ilikuwa imejaa, na mara kwa mara tumbo lilikuwa likikaza kidogo na kulegea, kama mtu anayejaribu fundo.

Igoki alikuwa chini ya ghala akipura kunde. Alipomwona binti yake langoni aliinuka upesi, uso ukafunguka wote, akachukua hatua mbili. Halafu akasimama. Akaingiza mikono yake ndani ya leso, akaikunja pale.

"Keti hapo," akasema, akionyesha kigoda kwa kidevu. "Usinikaribie zaidi."

"Mama, hata mkono?"

"Hata mkono. Umekula?"

"Nimekula."

"Uongo. Kuna uji kwenye kibuyu, jimiminie. Mimi siwezi kukumiminia."

Wawira akajimiminia. Uji ulikuwa umechachuka vizuri, kama anavyoupenda, na alipoonja akaelewa kwamba mama yake huukoroga kila siku ingawa hakuna mgeni anayekuja. Akanywa bila kuinua macho.

"Mwiti ameniambia," akasema.

"Amekuambia kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake. Yote."

Igoki akatikisa kichwa polepole. "Ni mtoto mzuri. Siku ile, maskini, alifunika uso kabla ya kufunika kile cha kufunikwa." Mdomo wake ulicheza kidogo, ukaacha. "Sina neno naye. Usifikiri nina hasira."

"Ni mimi nilikutuma, Mama. Kama kuna wa kukasirikiwa ni mimi."

"Nimesema sina hasira. Unasikia vibaya kwa sababu ya mimba?"

"Basi kwa nini huchukui simu?"

"Ningekuambia nini kwa simu? Njura ana masikio kama beseni. Na ile simu yenyewe, kila siku inalia, ni wale watu. Juzi wameniambia siku ya kukumbuka ndoa yangu imefika, niende nikapewe keki." Akatema mate pembeni. "Keki!"

Upepo ulipeperusha maganda ya kunde. Igoki akainama, akayakusanya kwa mguu.

"Nilienda kwa pasta," akasema. "Akaniombea, akasema imekwisha. Nikasema asante. Lakini pasta ni mtu wa mbali, hii nyumba haijui. Wewe unajua nilizika wawili kabla yako?"

"Najua."

"Hujui kwa nini. Baba yako na kaka yangu walikosana, jambo dogo, dogo kuliko hili. Mugiro ukaingia, ule uchafu wa mwiko unaokaa nyumbani mpaka uoshwe. Mbuzi akacheleweshwa, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Wa kwanza akaenda. Wa pili akaenda. Hospitali ikasema ni malaria. Labda ilikuwa malaria, Wawira, mimi ningejuaje? Mbuzi akaletwa, halafu wewe ukakaa." Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Kama ni malaria ama ni mugiro, sijui. Ndiyo maana siwezi kujaribu na huyu wako. Nikimshika halafu iwe kitu, nitaipeleka wapi mikono hii?"

Wawira alitaka kusema kwamba siku hizi mambo si hivyo. Maneno yalikuwepo, alikuwa ameyasikia kanisani na kliniki. Lakini pale pale tumbo likakaza, si kidogo kama njiani, likakaza na kushika, akauma mdomo na kushikilia kigoda pande zote mbili.

Mikono ya Igoki ilitoka ndani ya leso. Ilifika hewani kati yao, vidole vimefunguka, karibu kabisa na bega la binti yake. Ikasimama hapo. Kisha akairudisha, akaifungia ndani ya nguo kama anayefungia mnyama.

"Imeanza lini?" akauliza, sauti nyembamba.

"Ni ya uongo tu. Inakuja na kwenda."

"Ya Kanana pia ilianza hivyo. Rudi hospitali."

"Nikienda, utakuja?"

Igoki akakaza leso juu ya mikono.

"Mama, damu ikikataa tena kusimama, nani ataniambia nisilale?"

"Usiniulize hivyo." Alikuwa amegeuka upande. "Si mimi nimekataa. Walete watu. Baba yake Mwiti awe mmoja wao, Njagi atawapokea. Hata si lazima waseme yote yaliyotokea. Waseme tu, tumekosea nyumba hii. Mbuzi achinjwe, nioshwe mikono, na siku hiyo hiyo napanda gari nakuja."

"Na mtoto akitangulia?"

Igoki alishika ufagio akaanza kufagia mahali palipokuwa pamefagiwa.

Wawira akatoa simu, akampigia Mwiti. Sauti za duka zilikuwa nyuma yake, mtu akiuliza dawa ya viwavi. Alimweleza kwa maneno machache. "Niko na mteja," Mwiti akasema. "Tutaongea ukirudi." "Baba Kanana, si jambo la kurudi." "Nimesema nitafikiria, Mama Kanana. Nitafikiria." Simu ikakatika.

Alikaa na simu mapajani. Maumivu yalirudi, yakapita. Katika maisha yake yote ya ndoa hakuwahi kumpigia baba mkwe wake simu, isipokuwa kumpa pole au kumwita kwa chakula. Hata jambo la kichwa kuuma alilipitisha kwa Mwiti. Na hili, mke wa mwana kulipeleka kwa mzee mwenyewe, lilikuwa karibu kuwa kosa jingine juu ya lile la kwanza. Akatafuta jina, akabonyeza kabla kidole hakijakataa.

"Unampigia nani?" Igoki akauliza.

"Baba."

"Baba gani?" Kisha akaelewa, ufagio ukasimama. "Wawira! Wewe Wawira!"

Lakini mzee Naftaly alikuwa ameshashika, na kama kawaida yake alikuwa anapiga kelele, kana kwamba sauti ndiyo inayobeba simu.

"Mama Kanana! Mtoto amefika?"

"Bado, Baba. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba. Bado ni sawa, Bwana ana wakati wake. Mko wazima huko mjini?"

"Niko Gachoka, Baba. Kwa mama."

"Aa! Msalimie sana mama. Mwambie tunasikia aliona bahari."

Wawira akafunga macho. "Baba, nina ombi. Nisamehe kwa sababu si mimi nilifaa kuliomba. Naomba uje hapa kwa mama. Uje na wazee. Na mbuzi."

"Mbuzi?" Kelele zikapungua. "Mbuzi wa nini? Kuna harusi?"

"Si harusi. Baba, usiniulize mimi, muulize Mwiti, mwambie nimesema akuambie. Kinywa changu hakiwezi kukuambia wewe. Kuna jambo lilitokea huko tulikoenda. Hakuna aliyetaka litokee. Mama hawezi kumshika mtoto mpaka mje." Tumbo likaanza tena, chini, mgongoni, likipanda. Akainuka, akashika nguzo ya ghala. "Najua vile unasema kanisani. Sikuombi uamini. Naomba uje tu. Mtoto yuko karibu, Baba."

Ng'ambo ya simu ndoo iliwekwa chini. Ng'ombe alikoroma, na redio iliyokuwa ikisema mahali fulani ikanyamazishwa. Mzee hakukata. Wawira alimsikia akipumua, pumzi nzito za mtu aliyepanda mlima, na akangoja, kwa sababu kungoja ndiko alikokuwa akikujua, mpaka maumivu yakamshika sawasawa na hakuweza tena kungoja.

"Baba," akasema. "Utakuja?"

Igoki alikuwa ameacha ufagio. Alikuwa amesimama ng'ambo ya kigoda, mikono ndani ya leso, shingo ameinyoosha kuelekea kwenye simu. Pumzi za mzee zilikuwa bado zipo. Akakohoa huko, mbali kidogo na simu, na kiti kikalia kama mtu anapoketi.

"Baba?"